Mipito Yenye Sura ya Mteja: Majibu kwa Wahariri wa Video

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja. Mteja wa kampuni anataka video yake iwe na mipito ya kwake, yaani vile vipande vifupi vinavyoondoa picha moja na kuingiza nyingine, na anataka vifanane na kazi anayoifanya. Ni ombi zuri na linastahili kufanyiwa kazi vizuri. Vipimo tunavyotaja ni vya video ya pikseli 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, isipokuwa pale tunaposema vingine.

Habari za kazi, wahariri. Nimepata kazi ya kampuni ya chai: video ya dakika 3 ya mkutano mkuu wa wanahisa. Msimamizi wao wa masoko ameniandikia sentensi moja tu, kwamba mipito iwe na mada ya chai. Nimejaribu vikombe na mvuke, lakini kila nikitazama naona tangazo la mgahawa. Nianzie wapi? – Dar es Salaam

Kikombe kimekuangusha kwa sababu ni chombo cha mnywaji. Watu watakaokaa ukumbini wanajua shamba na kiwanda, na huko ndiko mada iliko. Kabla hujafungua programu, tafuta vitu viwili ndani ya kazi ya mteja: umbo na mwendo. Chai inavyo vyote. Mchumaji huchuma majani mawili na kichipukizi chake, na umbo hilo mtu yeyote wa chai analitambua kwa mbali. Mwendo uko kiwandani: jani hunyaushwa, hukatwa na kukunjwa, huachwa lichachuke, hukaushwa, kisha huchekechwa. Na humo humo kuna zawadi ya tatu, rangi. Jani linaingia kiwandani likiwa kijani, linakuwa la shaba linapochachuka, linatoka jeusi. Ikiwa video yako ina sura nne, tuseme shamba, kiwanda, soko na jamii, basi una mipito mitatu: wa kwanza kijani, wa pili shaba, wa tatu rangi ya chai kavu. Hakuna atakayeambiwa maana yake, na wenye kiwanda wataiona wenyewe.

Mipito mitatu inatosha kwa dakika 3. Mingine yote iwe mikato mikavu, yaani picha moja ifuatwe na nyingine bila kitu katikati. Hapa wasomaji wetu wengi hutupinga, wakisema mteja amelipia mipito kwa hiyo aione. Ataiona. Mpito wenye mada ni kama kichwa cha habari: humwambia mtazamaji kwamba sura imekwisha na nyingine inaanza. Ukiuweka kati ya klipu mbili za sura ileile unamdanganya, na ukifika mara ya kumi hauna tena la kumwambia.

Sasa tujenge. Chora jani moja kwa vekta (mchoro wa mistari, si wa pikseli), kisha lirudie upate majani mawili na kichipukizi. Mpito wote uwe wa fremu 30, yaani sekunde 1.2. Majani yaingie kutoka kona ya chini kushoto, yavuke, yatokee kona ya juu kulia, kila moja likichelewa fremu 2 nyuma ya mwenzake. Ifikapo fremu ya 14 skrini iwe imefunikwa yote, ibaki hivyo kwenye ya 15 na ya 16, na mkato wa picha zako ukae chini ya ile ya 15. Skrini hii, kona kwa kona, ina pikseli 2203. Jani lina ncha, kwa hiyo hata likiwa na urefu wa 3000 huenda kona mbili zikabaki wazi. Simamisha kwenye fremu ya 14, weka tabaka la rangi ya waridi kali chini ya mchoro wako, ukague kona zote nne. Rudia kwenye ya 15 na ya 16. Ukiona waridi popote, kuza jani.

Kosa tunaloliona kuliko yote liko kwenye kasi. Mhariri huweka alama tatu za mwendo, vile vialmasi vya kwenye taimulaini: mwanzo, katikati, mwisho. Kisha huvilainisha vyote kwa pamoja. Jani likikaribia katikati linapunguza mwendo, linasimama, halafu linaanza safari upya, na mtazamaji anaona ubao wa kijani umegota mbele yake. Inatakiwa kinyume chake. Kasi iwe kubwa kabisa hapo hapo katikati, maana ndipo unapobadilisha picha. Ondoa kialmasi cha kati, ubaki na viwili, ulainishe ncha hizo mbili tu.

Washa pia ukungu wa mwendo (ule unaofanya kitu kinachokwenda kasi kionekane kimefifia), nyuzi 180, yaani kana kwamba shata, mlango wa mwanga wa kamera, iko wazi nusu ya muda wa kila fremu. Kwa fremu 25 hiyo ni sawa na shata ya 1/50, ambayo wapiga picha wetu huitumia ndani ya viwanda kwa sababu umeme ni wa hezi 50 na taa zingepepesa. Mchoro na picha vikiwa na ukungu wa aina moja, jani huonekana limepita mbele ya kamera. Bila hivyo huonekana limebandikwa. Na kama unatumia After Effects ukaona kingo za jani zinakuwa za ukungu kadiri unavyolikuza, usilichore upya: bonyeza ile swichi yenye alama ya jua kwenye tabaka hilo, programu itaanza kusoma vekta yenyewe badala ya picha yake.

Rangi ya kijani ichukue kwenye mwongozo wa chapa ya kampuni, usiidonoe kwenye klipu ya shambani. Majani ya shambani hubadilika rangi kati ya asubuhi na adhuhuri.

Usijenge yote kabla mteja hajaona kitu. Mpelekee picha tulivu 3 za mpito mmoja (unapoingia, unapofunika, unapotoka) pamoja na sampuli ya sekunde 10 kati ya klipu zake halisi. Akikubali hiyo, mingine miwili ni kubadili rangi na upande wa kuingilia. Idadi ya marekebisho iandikwe kwenye makadirio ya bei tangu mwanzo.

Wapendwa, nikiweka mpito, programu ya Premiere Pro inaniambia picha hazitoshi na fremu zitarudiwa. Kweli, mwisho wa klipu mtu anaganda kama sanamu. Faili ni zima. – Mwanza

Faili ni zima, lakini umelitumia lote. Mpito wa fremu 30 uliokaa katikati ya mkato unahitaji fremu 15 za akiba baada ya mwisho wa klipu ya kwanza na 15 kabla ya mwanzo wa klipu ya pili, kwa sababu kwa muda huo picha zote mbili zinachezwa kwa pamoja. Ukiwa umefika mwisho wa klipu, programu haina cha kuchukua, inarudia fremu ya mwisho. Ile mistari ya mshazari unayoiona juu ya mpito kwenye taimulaini ndiyo onyo lenyewe.

Una njia tatu. Punguza kila klipu fremu 15. Au sogeza mpito uanzie au uishie kwenye mkato, akiba itafutwe upande mmoja tu. Au tumia mpito wa kufunika, kama majani ya ndugu yetu wa Dar es Salaam hapo juu: kwa kuwa skrini imefunikwa yote wakati wa mkato, klipu mbili hazikutani kabisa na akiba inayotakiwa ni sifuri. Kwa picha zilizopigwa na watu wengine, ambao huzima kamera msemaji akifunga mdomo, njia hii ya tatu ndiyo mkombozi. Mpiga picha wako mwenyewe mzoeze kuacha sekunde 3 kabla na 3 baada.

Kama baadhi ya klipu ni za simu, zigeuze kwanza ziwe na idadi ya fremu isiyobadilika, kwa mfano kwa HandBrake, ambayo ni ya bure. Simu hupandisha na kushusha fremu kadiri ya mwanga, na mpito ulioupanga kwa fremu hukosa mahali pake.

Nimetengeneza mpito wa tanga la jahazi kwa kampuni ya uwakala wa forodha hapa bandarini. Tanga ni jeupe juu ya weusi, natumia weupe huo kufunua picha mpya. Tatizo: kabla tanga halijaingia, picha mpya inaonekana kwa mbali kama kivuli, na baada ya kupita, ile ya zamani haiondoki yote. – Mombasa

Wazo lako ni zuri, maana tanga la jahazi ni pembetatu yenye ukingo mrefu uliopinda, na ukingo uliopinda huvuka skrini kwa uzuri kuliko mstari ulionyooka. Tatizo liko kwenye faili la weupe na weusi. Bila shaka umelitoa kwa H.264, ule mfumo wa kawaida wa kubana video. Video ya kawaida ya biti 8 huandika nyeusi kwa namba 16 na nyeupe kwa 235. Programu ikilisoma faili kana kwamba linakwenda 0 hadi 255, nyeusi yako inakuwa kijivu cha asilimia 6 na nyeupe inaishia asilimia 92. Asilimia 6 ndiyo kivuli unachokiona mwanzoni, na zile 8 zilizopungua ndizo picha ya zamani iliyokataa kuondoka.

Dawa ya haraka ni kuweka efekti ya viwango juu ya faili hilo: nyeusi ya kuingilia 16, nyeupe ya kuingilia 235. Kwenye DaVinci Resolve unaweza kubadili sifa za klipu, viwango vya data visomwe kama vya video. Dawa ya kudumu ni kutotumia H.264 kwa kazi hii. Toa mfululizo wa picha za PNG au ProRes 4444.

Kuna jambo la pili litakalokufuata. Ukilainisha ukingo wa tanga kwa upana mkubwa utaona ngazi ngazi. Biti 8 zina hatua 256 tu, na mteremko wa mwanga uliotandazwa skrini nzima hupata hatua moja kila pikseli 7.5, na jicho huziona. Toa picha za biti 16, au ongeza chembechembe kidogo kama za mchanga juu ya mteremko ili hatua zivunjike. Kwa tanga, ukingo laini wa pikseli 60 hadi 100 unatosha na ngazi hazitaonekana.

Nembo ya mteja inapita skrini ikiwa na utepe mwembamba mweusi pembeni. Kwenye programu niliyoichorea haupo. Halafu nikitoa MP4 nyuma ya nembo pote panakuwa peusi. – Nairobi

Ni makosa mawili tofauti. La pili ndilo jepesi: MP4 ya H.264 haibebi uwazi. Tumia ProRes 4444, DNxHR 444 yenye alfa (sehemu ya faili inayoandika uwazi), au mfululizo wa PNG, na hakikisha umechagua rangi pamoja na alfa unapotoa faili. ProRes 422 nayo haibebi uwazi, na majina hayo mawili huwapoteza wengi.

Utepe mweusi unatokana na namna alfa inavyohifadhiwa. Kuna alfa iliyonyooka, ambapo rangi ya ukingo inabaki kamili na uwazi unaandikwa kando. Kuna alfa iliyochanganywa, ambapo rangi ya ukingo tayari imezidishwa na weusi wa nyuma. Programu ya kwanza ikitoa iliyochanganywa na ya pili ikadhani imenyooka, ule weusi unabaki kama utepe. Bofya faili, ingia kwenye tafsiri ya picha, chagua alfa iliyochanganywa na nyeusi. Utepe utaondoka papo hapo. Ukiona sasa ukingo umekuwa mweupe na unang'aa, ulikuwa sahihi mwanzo na tatizo liko kwenye mchoro: huenda nembo ilikatwa kutoka JPEG iliyotumwa kwa WhatsApp. Dai faili la vekta. Kampuni yoyote iliyochapisha bango au kuchora gari lake inalo, hata kama ofisa unayezungumza naye hajui liko kwa nani. Muulize mchapaji wao.

Na tukiwa hapo: nembo yenyewe isipindwe, isinyoshwe, isibadilishwe rangi ili iwe mpito. Chukua kipande cha umbo lake, tao au pembe, ukikuze kifunike skrini. Nembo nzima iache isimame mwisho wa video, ikiwa na nafasi pande zote kama mwongozo wao unavyotaka.

Assalaam alaykum. Hoteli moja hapa inataka mipito ya kanga kwenye video ya kuwaonyesha mawakala wa utalii. Nimepiga picha kanga ya nyumbani, nikaipitisha skrini, lakini inacheza cheza na kumeta hadi macho yanauma. Na nikiipitisha haraka, nakshi zinaonekana zimesimama! – Zanzibar

Waalaykum salaam, dada. Hili limetufurahisha, kwa sababu kanga tayari imepangwa kama skrini: ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina. Ifuate mipaka hiyo. Pindo ndilo la kupitisha, maana limechorwa ili lijirudie na liendelee. Mji uweke nyuma ya maandishi ya sura. Jina liache, isipokuwa hoteli imelichagua yenyewe na mtu mzima amelisoma akaliridhia. Jina la kanga ni usemi, hutumwa kwa mtu, na mgeni wa hoteli anayejua Kiswahili atajiuliza anatumiwa nini.

Kumeta kunatokana na nyuzi. Picha yako ina kila uzi wa kitambaa, na ukiipunguza mpaka 1920 nyuzi hizo zinakuwa nyembamba kuliko pikseli, zinagombana na safu za pikseli na kuzaa mawimbi. Usiitumie picha moja kwa moja. Piga pasi kanga, ibane kwenye ubao, iangazwe pande mbili kwa pembe ya nyuzi 45, kamera ikiwa sambamba nayo. Kisha chora nakshi upya kwa vekta juu ya picha hiyo. Kanga kwa kawaida ina rangi chache, kwa hiyo kazi si kubwa kama inavyotisha. Mstari wowote usiwe chini ya pikseli 4. Mistari ya mlalo iliyo myembamba zaidi ya hapo hupepesa vibaya sana video ikirushwa kwenye televisheni ya fildi, ile inayoonyesha mistari ya picha kwa zamu, mmoja ndiyo mmoja hapana.

Nakshi kusimama ni hesabu tu. Tuseme korosho za pindo zinajirudia kila pikseli 160, na pindo linavuka pikseli 1920 kwa fremu 12. Kila fremu pindo linasogea pikseli 160, yaani korosho moja kamili. Korosho ya pili inatua pale pale ilipokuwa ya kwanza, na jicho haliwezi kujua kuwa kuna kilichosogea. Ukienda kasi kidogo chini ya hapo zitaonekana zinarudi nyuma, kama rimu za gari kwenye sinema. Kanuni tunayoifuata: kwa fremu moja nakshi isisogee zaidi ya theluthi ya umbali wake wa kujirudia. Kuza korosho zijirudie kila pikseli 480 na kasi yako ya 160 inakuwa sawa kabisa. Zikiwa kubwa hivyo zitapendeza pia kwenye simu.

Nakshi za kanga zina wenyewe. Kwa kazi ya biashara, omba ruhusa kwa mtengenezaji au mlipe mchoraji achore pindo jipya kwa utaratibu uleule. Hoteli itapenda zaidi kuwa na pindo lake.

Mteja anataka skrini ipige mweko mweupe kwa kila mkato, "iwe na nguvu". Muziki una kasi na mikato ni mingi. Nifanye? – Arusha

Usifanye hivyo kila mkato. Mwongozo wa kimataifa wa maudhui ya wavuti unasema miweko isizidi 3 ndani ya sekunde moja, na wekundu mkali ndio hatari zaidi. Mweko wa fremu 2 ukifuatwa na fremu 2 za picha, ukarudiwa, unafika zaidi ya 6 kwa sekunde. Mwaka 1997 nchini Japani, katuni ya televisheni iliyomwesha nyekundu na buluu kwa sekunde chache iliwapeleka mamia ya watoto hospitali. Ukumbini ni mbaya kuliko nyumbani, kwa sababu skrini kubwa hujaza macho na hakuna pengine pa kutazama.

Mweleze mteja hivyo waziwazi, naye atakuelewa. Kisha mpe nguvu kwa njia nyingine: panga mikato iangukie kwenye mapigo ya ngoma, na mwendo wa klipu zinazofuatana uende upande mmoja. Ukitaka mweko, weka mmoja mwanzo wa sura, fremu 5, usifike weupe kamili, uishie asilimia 70 hivi na ufifie taratibu.

Niko Muscat. Mteja anataka video ileile mara mbili, Kiingereza na Kiarabu. Nimeigeuza picha kama kwenye kioo ili mipito ije kutoka kulia, lakini sasa kila kitu kimegeuka. – Muscat

Nembo imegeuka, namba za magari zimegeuka, na saa ya meneja imehamia mkono mwingine. Rudisha. Ni kweli kwamba msomaji wa Kiarabu huanzia kulia, na mpito unaofuata mkondo wa kusoma humwelekeza vizuri kwenye maandishi yanayofuata. Lakini geuza mwendo peke yake. Ukijenga mpito, nafasi ya mlalo ipitie kidhibiti kimoja chenye thamani 1 au −1 inayozidisha umbali kutoka katikati. Toleo la Kiingereza liwe 1, la Kiarabu −1, basi. Klipu hazikuguswa.

Herufi nazo ziangalie. Ukiona maneno ya Kiarabu yameandikwa herufi moja moja zisizoshikana, tena kinyumenyume, ingia kwenye mapendeleo ya maandishi ya programu yako uhakikishe injini ya maandishi ni ile inayokubali Kiarabu. Na ile staili ya kuingiza maandishi herufi baada ya herufi, inayopendeza kwa Kiingereza, inavunja Kiarabu, kwa sababu herufi hubadilika umbo kulingana na jirani yake. Ingiza neno zima au mstari mzima.

Tumemaliza video, sasa mteja anaitaka ya kusimama kwa ajili ya simu. Nikikata katikati mipito inapoteza maana. – Kisumu

Ukikata sehemu ya kusimama kutoka kwenye 1920 kwa 1080 unabaki na upana wa pikseli 607 tu, halafu unaikuza karibu mara 1.8 ifike 1080. Ndiyo maana kingo zimekuwa butu. Zaidi ya hapo, njia ndefu sasa ni ya kwenda juu. Kitu kilichovuka kwa fremu 12 kikiwa na pikseli 1920 za kusafiri sasa kina 1080, kinaonekana kimechoka. Kielekeze kutoka chini kwenda juu.

Kazi ijayo, jenga mipito kwenye mraba wa 1920 kwa 1920. Kitu kinachoufunika mraba huo wote kinafunika pia toleo la kulala na la kusimama, na unakata yote mawili bila kukuza. Kwenye toleo la kusimama usiweke maandishi chini kabisa wala ukingo wa kulia, maana vitufe vya programu za simu vinakaa huko.

Sauti za mipito yangu zinasikika kama upepo wa filamu za kivita. Nifanyeje? – Dodoma

Kasoro zake ni mbili: zinaanza mahali pabaya, na si za mteja. Kilele cha sauti kikae juu ya fremu ya mkato, kwa hiyo sauti ianze fremu 8 hadi 10 kabla. Ukiianzisha kwenye mkato, sikio litaona picha imewahi. Msimulizi akifika −6 desibeli kwenye kilele, sauti ya mpito iishie −18, na isiangukie katikati ya neno lake.

Sauti yenyewe itoe kazini kwa mteja. Kwa yule wa chai ni majani yakimwagwa juu ya turubai. Kwa wakala wa forodha ni kitambaa kizito kikivutwa. Simu nzuri yenye maikrofoni ndogo ya nje inatosha: rekodi umbali wa sentimita 30, mara 6 au 7, kila mara kwa nguvu tofauti, kisha chagua 3 uzizungushe kwenye video ili sauti ileile isijirudie neno kwa neno. Kabla hujaondoka rekodi pia sekunde 30 za mahali hapo bila mtu kusema wala kusogea. Utazilaza chini ya mpito, na ule mruko wa sauti kati ya ofisi tulivu na mashine za kiwandani hautasikika.